Bango lenye kazi 11: mwongozo wa kuifanya biashara nzuri ijulikane kwa jambo moja

Kuna karakana moja Keko, Dar es Salaam, ambayo nimeizoea kwa miaka kadhaa. Mwenyewe ni fundi wa mbao anayeijua kazi yake. Ukipitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani wa kitanda chake hupati mwiba. Chaga zimefungwa kwa skrubu, hazikupigiliwa misumari, na ukijigeuza usiku kitanda hakilii. Mbao anazikausha mwenyewe nyuma ya banda, zikiwa zimepangwa kwa vipande vya kutenganisha ili hewa ipite.

Siku ya kwanza nilipokaa naye kuangalia daftari la mauzo, nilianza kwa kusoma bango lake. Lilisema: vitanda, sofa, makabati, milango, madirisha, meza za kulia, meza za ofisi, madawati ya shule, viti, stuli na kazi zote za mbao. Kazi 11. Nikageuka kusoma bango la jirani wa kulia. Maneno yale yale. La jirani wa kushoto lilikuwa na kazi 9, na namba za simu tatu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mteja anayeshuka kwenye daladala akitafuta kitanda cha tano kwa sita. Mbele yake kuna mabanda matatu yenye mabango matatu yanayosema kitu kimoja, na vitanda vitatu ambavyo kwa jicho la mtu asiye fundi vinafanana. Amebakiwa na swali gani la kuuliza? Bei tu. Ndiyo maana fundi huyu alikuwa akisikia "Bei ya mwisho ngapi?" hata kabla ya salamu kwisha, akaamini kwamba wateja wa siku hizi hawajali ubora. Wanajali sana. Ila hakuna aliyewaambia ubora uko wapi, na hawana namna ya kuuona wakiwa wamesimama barabarani.

Tumelelewa na methali ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kijijini ni kweli. Watu wanamjua fundi, wamelalia vitanda vyake, na habari zake zinatembea zenyewe kisimani na sokoni. Lakini Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na walio wengi hawatakutana hata siku moja na mtu aliyewahi kununua kwako. Kwao kizuri kisichosemwa hakipo. Watu hao hao wa mjini wanasema pia "biashara matangazo", na hapo wengi hukimbilia kulipia matangazo kabla hawajajua wanatangaza nini. Utaratibu ufuatao ndio niliopita na fundi huyu, hatua kwa hatua. Nimeujaribu pia na watu wa biashara nyingine, na pale unapobadilika nitasema.

Hatua ya kwanza: wapigie simu waliokwisha kununua

Usianze na wasionunua, wala usianze na mawazo yako mwenyewe. Chukua daftari au simu yako, chagua watu kumi walionunua katika miezi sita iliyopita, bora zaidi wale waliolipa bila mvutano na wale waliorudi mara ya pili. Wapigie mmoja mmoja. Ujumbe wa maandishi hautakupa unachokitafuta, kwa sababu mtu atakujibu kwa maneno mawili.

Usiulize kama wameridhika. Kwa adabu zetu mtu atakujibu "nzuri tu, hakuna shida" hata kama droo haifungi. Uliza mambo yaliyotokea. Kabla hujaja kwangu ulikuwa unahangaika na nini? Ulipita kwa nani kwanza? Kuna kitu kilikaribia kukufanya usinunue? Ukimwelekeza dada yako kwangu, utamwambiaje? Swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Hapo mtu anakuuza kwa maneno yake, na maneno hayo ndiyo utakayoyatumia baadaye. Andika kama alivyosema, usisanifishe.

Fundi alikuwa na hakika watataja mninga. Tulipopiga simu kumi, saba walitaja kitu ambacho yeye hakuwahi kukihesabu kuwa bidhaa: tarehe. Mama mmoja alisema, "Fundi, wewe uliniambia Ijumaa, na Ijumaa saa nne asubuhi Kirikuu ikawa getini. Mimi sijawahi kuona." (Kirikuu ni kile kigari kidogo cha kubebea mizigo.) Mwingine alieleza kwamba kabla ya hapo alitoa advansi kwa fundi mahali pengine, akapigwa njoo kesho kwa miezi mitatu, mpaka harusi ya mdogo wake ikapita maharusi wakalala kwenye godoro chini. Alisimulia kwa uchungu, kana kwamba ni jambo la jana.

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Lakini hiyo si kazi, hiyo ni adabu tu." Hapo ndipo biashara nyingi nzuri zinapojificha. Kile unachokiona ni cha kawaida, kwa sababu umekifanya maisha yako yote, ndicho ambacho mteja hakipati kwingine.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunaufahamu sote. Mwaka 2005 huduma ya M-Pesa ilipokuwa inajaribiwa Kenya, iliandaliwa ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Walioijaribu wakaanza kuitumia kwa shughuli zao wenyewe, hasa kurushiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, haikuja na orodha ya kila ambacho mfumo unaweza kufanya. Ilikuja na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Kila kijana aliyekuwa Nairobi na mama yake akiwa kijijini alielewa papo hapo. Mengine yote, kulipia bidhaa, kuweka akiba, kukopa, yalifuata watu wakiwa wameshaingia ndani.

Hatua ya pili: chagua mtu mmoja na jambo moja

Hii ndiyo hatua inayotisha. Weka mbele yako majibu ya simu, kisha tafuta jambo linalotimiza masharti matatu kwa pamoja: wateja wanalijali kiasi cha kulilipia, wewe unaliweza kila mara na si kwa kubahatisha, na majirani hawajalishika. Likikosa sharti moja, liache. Vanishi inayong'aa, kwa mfano, wateja wanaipenda, lakini kila banda la Keko linaing'arisha.

Kisha jiulize ni nani anayeumia zaidi jambo hilo likikosekana. Kwa upande wa tarehe majibu yalikuja haraka: familia yenye harusi, mtu anayehamia nyumba yake mpya, na mwenye gesti anayefungua mwezi ujao. Hawa wote wana siku isiyosogezwa. Mtu anayebadilisha stuli ya sebuleni hana haraka, na atakubishia hadi shilingi elfu moja ya mwisho. Tukachagua wenye siku.

Fundi aliogopa. "Na anayetaka mlango je? Nimfukuze?" Humfukuzi. Jambo ulilolichagua ni mlango wa kuingilia, na nyumba ina vyumba vingi. Mtu akija kwa ajili ya kitanda cha harusi, akakuamini, atarudi kwa kabati, na baada ya mwaka atakuja kwa kitanda cha mtoto. Unachokiacha ni kuzitangaza kazi zote 11 kwa sauti moja. Anayetaja mambo 11 anakumbukwa kwa lipi?

Hatua ya tatu: liandike kwa sentensi inayosomeka ukiwa unatembea

Rasimu ya kwanza ya kila mtu huwa moja: "Ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu." Nimeiona kwenye mabango ya saluni, ya bucha, ya shule na ya maduka ya simu. Haisemi kitu. Ipime hivi: bandika jina la jirani yako juu ya sentensi yako. Kama bado ni kweli, ichane uanze upya.

Kipimo cha pili ni cha bodaboda. Msomee mara moja kijana wa kijiweni, zungumzeni mengine mpaka chai iishe, kisha mwombe akwambie wewe unafanya nini. Akikumbuka nusu, ni ndefu mno. Akikumbuka kitu tofauti kabisa, ina maneno mawili yanayogombana.

Sisi watu wa Kiswahili tuna shule nzuri ya jambo hili, nayo ni kanga. Jina la kanga ni maneno machache, yanasomwa na mtu anayepishana na mvaaji njiani, na yana mlengwa. Hayamsemi kila mtu. Hata alama ya muuzaji tunayo humo humo: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimetambulika kwa maandishi ya K.H.E. na Mali ya Abdulla, na wanawake wanaojua kanga wanayatafuta maandishi hayo kabla ya kuuliza bei.

Fundi alichana karatasi nne. Ya tano ilisema: "Kitanda cha mninga. Kinafika siku tuliyoandika." Maneno sita. La thamani zaidi ni "tuliyoandika", kwa sababu ahadi ya mdomo mteja amekwisha kuichoka.

Hatua ya nne: tengeneza uwezo wa kuitimiza ahadi kabla hujaitangaza

Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo matangazo mazuri yanapoua biashara. Ukitangaza ahadi usiyoiweza, unawaita watu wengi waje wajionee udhaifu wako.

Tulirudi kwenye daftari, tukahesabu vitanda 14 vya mwisho, kila kimoja kilichukua siku ngapi tangu advansi hadi kupakiwa. Mazoea ya fundi yalikuwa kumwambia kila mteja siku saba. Kati ya vitanda 14, vitano tu ndivyo vilivyokwisha ndani ya siku saba. Vingine vilichelewa kidogo, na cha mwisho kilichukua siku 13. Sifa yake ya kutunza tarehe ilikuwa ya kweli kwa sehemu tu. Aliwatimizia wale aliowaogopa kuwaangusha, akawasogezea wale wapole. Kulikubali hilo kulimchukua siku mbili, na ninamheshimu kwa kulikubali.

Kisha tukaandika mbele ya kila kitanda kilichochelewa sababu yake. Vanishi haikukauka, ilikuwa masika. Umeme. Deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, hakutokea. Mbao kavu zilikwisha, akangoja nyingine zikauke. Sababu zilikuwa nne tu, zinazunguka. Kwa kila moja tukatafuta dawa. Mbao kavu za vitanda vinne zinakaa akiba muda wote na haziguswi kwa kazi nyingine, maana hata mninga, unaosifiwa kwa kutocheza sana, ukitengenezwa mbichi utaachia viungo. Miezi ya masika tarehe inaongezewa siku tatu, na mteja anaambiwa kwa nini. Deiwaka wawili wanaoaminika wanalipwa siku hiyo hiyo jioni, kwa hiyo wanakuja. Na oda hazizidi tatu kwa wiki. Ya nne inaandikwa wiki inayofuata hata mteja akinuna.

Ahadi ikawa siku 14. Fundi alidhani wateja watakimbia, kwa kuwa majirani wanasema siku tano. Hawakukimbia, kwa sababu mwenye harusi tarehe 20 hahitaji kitanda tarehe 3. Anahitaji kujua bila wasiwasi kwamba tarehe 18 kitakuwa chumbani. Watu wanavumilia muda mrefu. Kutojua ndiko kunakowatesa.

Mwisho tukatengeneza kadi. Ni karatasi ndogo yenye nakala mbili, moja ya mteja na moja ya karakana, imeandikwa ukubwa wa kitanda, aina ya mbao, bei, advansi, tarehe ya kufikishwa, na mstari mmoja chini: kila siku inayozidi tarehe hii, bei inapungua shilingi 10,000. Mteja anasaini, fundi anasaini. Kadi hii inauza kuliko tangazo lolote nililowahi kuliona, kwa sababu mteja akiitazama anajua upande gani umeweka pesa yake mezani.

Biashara yako ikiwa nyingine, tafuta kadi yako. Muuza asali anajua kwamba asali halisi inaweza kuganda, na kwamba wateja wakiona imeganda wanasema ameweka sukari. Wengi huificha chupa iliyoganda. Mwenye busara anaiweka mbele na kuandika kwenye kifuniko: "Ikiganda, iweke kwenye maji ya vuguvugu, itarudi." Shaka ya mteja imegeuzwa kuwa dalili ya uaminifu. Mama lishe anayeuza kwa wafanyakazi wenye nusu saa ya chakula hana haja ya kutaja vyakula kumi, anaweza kuahidi kwamba ukikaa, sahani inafika kabla ya dakika tano, na apange jiko lake kwa ahadi hiyo.

Hatua ya tano: pandisha bei inayolingana na ahadi

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kitanda kinakula mbao za 280,000, chaga na skrubu na gundi na msasa na vanishi 75,000, vibarua 120,000, usafiri 30,000, na sehemu yake ya kodi na umeme 35,000. Jumla 540,000. Jirani anauza 580,000, nawe ukiuza hivyo unabaki na 40,000. Mteja akibembeleza "nipunguzie thelathini tu", ameondoa takriban asilimia 5 ya bei, lakini ameondoka na robo tatu ya faida yako.

Ukiuza 650,000, unabaki na 110,000. Ili upate 440,000 kwa bei ya zamani unahitaji vitanda 11, kwa bei mpya unahitaji vinne. Vitanda vinne unaweza kuvisimamia kwa macho yako mwenyewe, tarehe zikatunzwa. Vitanda 11 vitakulazimisha kusema njoo kesho. Bei ndogo huonekana kama huruma kwa mteja, kumbe ndiyo inayokunyima uwezo wa kumtimizia.

Anayetaka kupunguziwa usimkatalie kavu kavu. Mbadilishie kitu: "Mama, bei hii ina tarehe ndani yake. Ukikubali kungoja nafasi bila tarehe, nakupunguzia." Wengi wanachagua tarehe. Anayechagua kungoja naye ni mteja halali, unamjazia siku zenye kazi chache.

Hatua ya sita: onekana pale mteja anapotazama

Sasa, na si kabla, weka pesa kwenye kujitangaza. Anza na vya bure au karibu na bure.

Bango likafutwa. Likaandikwa sentensi ile moja kwa herufi kubwa zinazosomeka ng'ambo ya barabara, na namba moja ya simu. Namba tatu zinamfanya mtu asikumbuke hata moja. Chini yake tukatundika ubao mweusi wa chaki, na huo naupenda kuliko bango lenyewe. Umeandikwa vitanda vya wiki hiyo na siku vinapotoka: tano kwa sita, Jumatano, sita kwa sita, Ijumaa. Kikitoka, kinawekewa alama ya vema. Mpita njia anausoma akisubiri daladala.

Kwenye simu, WhatsApp Business haina gharama na inatosha kwa mwanzo. Weka katalogi ya vitu vitano tu, kila kimoja na bei yake. Najua wengi wanapenda kuandika "njoo inbox kwa bei." Wateja wengine wanaona uvivu, wengine wanahisi utawapima mfuko kwanza ndipo utaje, kwa hiyo andika bei. Tumia lebo kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa advansi na aliyefikishiwa. Andaa majibu ya haraka kwa maswali matatu unayoulizwa kila siku, na hakikisha hayasomeki kama mashine: "Shikamoo mama" kwa mtu mzima haigharimu kitu. Ujumbe wa orodha ya matangazo unaishia kwenye namba 256 kwa orodha moja, na unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Basi kila anayepokea kitanda, mwombe ahifadhi namba hapo hapo, kijana wa Kirikuu akiwa bado anashusha.

Picha. Usipige kitanda kikiwa karakanani kimezungukwa na takataka za randa. Kipige chumbani kwa mteja, kwa ruhusa yake, kikiwa kimetandikwa, mwanga wa dirisha ukiwa ubavuni. Piga na kadi ikiwa juu ya shuka, tarehe ikisomeka na jina limefunikwa. Picha hiyo moja kwenye stetasi kila Jumatatu, basi. Stetasi inaondoka baada ya saa 24, kwa hiyo usiogope kurudia jambo lile lile. Wewe utalichoka muda mrefu kabla mteja hajalisikia.

Jiandikishe pia kwenye ramani ya Google. Ni bure, ingawa watakutaka uthibitishe kwamba biashara ipo. Kwenye maelezo, elekeza kama tunavyoelekezana sisi: kituo cha kushukia, kilicho mkabala, rangi ya geti. Namba ya kiwanja haimsaidii mtu aliyeko juu ya bodaboda.

Matangazo ya kulipia yaje mwisho, na uyahesabu. Tuseme umelipa 60,000, watu 14 wakaandika, wawili wakanunua. Kila mteja amekugharimu 30,000. Kwa faida ya 110,000 hiyo ni biashara. Kwa faida ya 40,000 umelifanyia kazi tangazo.

Kuhusu jina, kwa ufupi: Tanzania Bara jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, Zanzibar ni BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali. Kulisajili jina hakukupi haki ya alama ya biashara. Hiyo ni maombi mengine, na kwa Kenya yanapelekwa KIPI, taasisi ya mali ya kiviwanda. Ukishaona watu wanakutafuta kwa jina, usichelewe, maana anayeiga hangoji.

Hatua ya saba: daftari la safu nne

Kila anayepiga simu au kuingia bandani, muulize, "Karibu, umetujuaje?" Andika tarehe, jibu lake kwa maneno yake, alichotaka, na kama alinunua. Hayo tu. Mwanzoni fundi aliona ni usumbufu, ila baada ya wiki tatu akawa yeye ndiye anayewakumbusha vijana.

Kila mwisho wa mwezi, soma safu ya pili. Kama watu wanasema "nimeona bango", umeanza kuonekana. Kama wanasema "nimeambiwa na fulani kwamba hapa tarehe haisogei", umepata nafasi vichwani mwa watu, kwa sababu sentensi yako imeanza kutembea kwenye midomo ya watu bila wewe kuwepo. Kama wanakuja wengi lakini hawanunui, angalia safu ya tatu: huenda wanataka kitu ambacho bango halikukisema sawasawa. Na kama hakuna anayekuja kabisa, usibadilishe ahadi kwanza, badilisha mahali unapoisemea, uipe miezi mitatu.

Fundi alilazimika kukataa kazi moja kubwa katika kipindi hicho, madawati 60 ya shule kwa wiki mbili. Pesa ilikuwa nzuri. Lakini ubaoni palikuwa na vitanda vitatu vyenye tarehe, viwili vya harusi. Aliwaelekeza kwa jirani wa kulia. Wiki ile vitanda vyote vitatu viliwekewa alama ya vema, na jirani, kwa shukrani, ameshamletea watu watatu wenye harusi.

Kila Juni na kila Desemba, rudia zile simu kumi, kwa sababu wateja wanabadilika na majirani wanaiga. Siku ikifika mabanda yote matatu yanaandika tarehe, majibu ya simu ndiyo yatakayokuonyesha jambo linalofuata. Kwa leo, fungua daftari lako, mtafute mtu wa mwisho aliyenunua bila kubishana bei, umpigie jioni akiwa ametulia nyumbani. Msalimie, muulize habari za watoto, kisha umuulize angekuelekezaje kwa dada yake, na kalamu iwe mkononi.